Bi Fundi Anajibu: Mashine ya Zamani, Mfumo wa Leo

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kompyuta iliyokwisha kula chumvi nyingi inaweza kupokea mfumo endeshi wa leo? Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zote, kwa sababu mashine inayotajwa humo ni pacha wa hii ninayoandikia safu hii.

Shikamoo Bi Fundi. Babu yangu alifariki mwaka jana akaniachia kompyuta yake ya mezani. Ni Pentium III ya MHz 800, RAM MB 256, diski GB 20, na ndani kuna Windows 98. Babu aliandikia humo habari za ukoo wetu. Nataka niiwekee mfumo wa kisasa, niandikie na niingie mtandaoni. Nilipakua Debian mpya nikaitia kwenye flashi, mashine haikuiona kabisa. Nikaichoma kwenye DVD, safari hii ilianza, kisha ikatoa maneno kwamba kerneli inataka prosesa ya x86-64 lakini imekuta i686. Je, ndiyo basi tena? – Mjukuu

Marahaba mjukuu, na pole sana kwa msiba.

Kabla ya yote nakuomba uizime hiyo mashine na usiiwekee kitu chochote. Diski ya umri ule inaweza kuaga siku yoyote, na ndani yake kuna maneno ya babu yako ambayo hayapatikani kwingine. Nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya ufundi wangu mama mmoja aliniletea kompyuta nzito, akataka niifute na kuipiga Windows upya. Nilimuuliza kama ana kitu cha kuhifadhi, akasema hana. Nikafuta. Jioni akapiga simu huku analia: picha za marehemu mwanawe zilikuwa humo, kwenye folda ambayo hata yeye hakujua kuwa ipo. Nilihangaika siku tatu nikaambulia picha chache zilizokatika katikati. Tangu siku hiyo sharti langu ni moja: diski inanakiliwa kwanza, hata mwenyewe akiapa kuwa ni tupu.

Fungua kasha, chomoa diski, iunganishe na kompyuta mpya kwa adapta ya kutoka IDE (soketi ya diski za miaka ile) kwenda USB. Kwenye hiyo kompyuta mpya washa Linux yoyote (mfumo endeshi wa bure; Debian uliyoipakua ni aina yake mojawapo) utumie programu iitwayo ddrescue. Uzuri wake ni kwamba husoma kwanza sehemu zilizo nzima, ikikuta pabovu inaparuka, halafu mwishoni ndipo inarudi kupagombania. Kunakili kwa kawaida kunaweza kung'ang'ania pale pabovu huku diski inazidi kuchoka. Ukipata nakala, tengeneza nyingine ya pili uiweke mahali tofauti. Hati za Word za miaka ile, programu ya bure ya kuandikia iitwayo LibreOffice inazifungua vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba hazitasomeka. Na kama diski inagonga kama mtu anayebisha hodi, usiiwashe tena. Tafuta mtu anayefanya kazi ya kuokoa data.

Nakala zikiwa salama, iangalie mashine kwa macho kabla ya kuirudishia umeme. Zile silinda ndogo zilizosimama kuzunguka prosesa ni kapasita. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Kati ya 1999 na 2007 hivi, madabodi nyingi (zile bodi kuu za kompyuta) zilitoka viwandani na kapasita duni zinazovimba na kuvuja. Ukiona kichwa kimetuna au kuna uchafu wa kahawia, zibadilishwe kwanza, la sivyo utakesha ukilaumu mfumo kwa kosa la umeme. Safisha vumbi la feni, ondoa pesti ya joto iliyokauka juu ya prosesa upake mpya, na ubadilishe ile betri ya duara, CR2032. Kwa nini betri, utaona kwenye barua ya pili.

Sasa tuje kwenye maneno uliyoyaona. Kerneli ni moyo wa mfumo endeshi; x86-64 ni prosesa za biti 64, na i686 ni za biti 32. Prosesa yako ni ya biti 32. Ukoo huo ulianza na Intel 386 mwaka 1985. Mwaka 2003 AMD ilitoa prosesa zinazofanya kazi kwa biti 64 huku zikiendelea kuelewa amri za biti 32, na Intel ikafuata. Kwa miaka zaidi ya kumi na mitano watengenezaji wa Linux walitoa matoleo ya aina zote mbili, kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kufunga mlango wa zamani. Ubuntu na Fedora waliufunga mwaka 2019. Debian ilivumilia zaidi: toleo la 12, la mwaka 2023, ndilo la mwisho kuwa na kisakinishi na kerneli ya biti 32. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, halina. Wewe ulichukua jipya zaidi, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, na mashine ikakujibu kwa ukweli kabisa.

Ninachokushauri ni antiX 23. Imejengwa juu ya Debian 12, ina toleo la biti 32, na wenyewe waliiandaa kwa kufikiria mashine kama ya kwako. Wanasema itaendeshwa hata kwenye Pentium III yenye MB 256 mradi swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM, iwe imeshatengwa, ila wanapendekeza MB 512. Nami nimeijaribu, na nakubaliana nao kwa yote mawili: kwa MB 256 inaendeshwa, kwa MB 512 inapendeza.

Kwa hiyo tafuta RAM. Hapa kuna mitego miwili iliyonitesa. Kwanza, madabodi zenye chipu za Intel 815 hazipokei zaidi ya MB 512 hata uziongezeje. Pili, madabodi za 440BX, za kabla kidogo ya hapo, hazielewi vipande vyenye chipu nene. Unachomeka kipande cha MB 256, inasoma MB 128, unadhani umeuziwa kibovu. Hesabu chipu: kipande cha MB 256 chenye chipu 16, nane kila upande, kwa kawaida kitasomeka chote, chenye chipu nane tu kitasomeka nusu. Nina daftari ninaloandika kila mashine niliyofungua, na kwenye ukurasa wa 440BX nimelipigia mstari jambo hili mara tatu.

Flashi haikuonekana kwa sababu biosi za miaka ile, yaani programu ndogo inayoiamsha mashine, hazijui kuianzisha kutoka USB. Hata zingejua, soketi zake ni za USB 1.1, megabiti 12 kwa sekunde, na ungesubiri mpaka uchoke. Tumia CD au DVD. Kwa msomaji mwingine mwenye kisomeo cha CD tu, antiX ina toleo dogo liitwalo core linaloingia kwenye CD moja, ingawa linamwachia kazi ya kuongeza mazingira ya picha mwenyewe. Njia ninayoipenda zaidi ni nyingine: naichomoa diski, naichomeka kwenye kompyuta yenye nguvu, nasakinisha huko mfumo wa biti 32, kisha nairudisha kwenye mashine yake. Linux haina kinyongo na kuhamishwa; ikiamka inatazama vifaa vilivyopo na kuendelea. Kazi ya usiku mzima inakuwa ya nusu saa.

Na hiyo diski ya babu usiitumie tena, iweke kabatini kama kumbukumbu. Chukua kadi ya kumbukumbu iitwayo CompactFlash na adapta yake. Kadi hizo zinazungumza lugha ileile ya IDE, kwa hiyo biosi inaona diski ya kawaida. Yangu ni ya GB 8. Usinunue kubwa sana, maana biosi za miaka ile zina mipaka yake: nyingine zinakwama penye GB 32, nyingine penye GB 137. Tangu niweke kadi, mashine yangu haina mlio wa diski. Nasikia vitufe tu.

Ukishasakinisha, chagua IceWM kama mazingira ya kazi. Ni madirisha, menyu na mstari wa chini, hakuna mapambo. Kwenye yangu, Pentium III ya MHz 700 yenye MB 384, mfumo mzima ukiwa umetulia unakula kati ya MB 90 na 110. Kutoka kubonyeza swichi hadi ukurasa mtupu wa kuandikia ni dakika moja na sekunde 50. Washa pia zram. Hiyo hugeuza kipande cha RAM kuwa swapu iliyobanwa, hivyo yale yasiyotumika kwa sasa yanakunjwa na kuwekwa humohumo badala ya kupelekwa diskini. Imo rasmi ndani ya kerneli tangu 3.14 ya mwaka 2014. Ukiulizwa namna ya kubana, chagua lz4, maana prosesa yako haina nguvu za kubana kwa ustadi zaidi ya hapo.

Mpaka hapo kila kitu kinawezekana. Kinachobaki ni lile neno ulilolipitia haraka kwenye barua yako: kuingia mtandaoni. Hapo ndipo penye kazi, mjukuu, na watu wengi hawaambiwi mpaka wameshapoteza wiki nzima. Mfumo endeshi wa leo unaweza kuketi kwenye Pentium III bila ugomvi. Kivinjari cha leo, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, hakiwezi. Sababu ya kwanza si kasi wala RAM. Kuna kundi la amri za prosesa liitwalo SSE2, lililoanza na Pentium 4 mwishoni mwa mwaka 2000. Pentium III haina. Athlon XP ya AMD, ingawa ni ya baadaye, nayo haina. Chrome iliacha kuzihudumia prosesa hizo mwaka 2014, Firefox ikafuata miaka michache baadaye. Ukijaribu kuifungua, inakufa papo hapo na kukuambia imekutana na amri isiyokubalika. Hakuna mpangilio wa kubadilisha, hakuna draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya kuongeza. Prosesa haijui neno hilo, basi.

Unabaki na vivinjari vidogo: Dillo na NetSurf. Dillo haiendeshi kabisa JavaScript, lugha inayotegemewa na tovuti nyingi za leo, NetSurf inaendesha kidogo sana. Kurasa za maandishi, kamusi, ensaiklopidia, habari zilizoandikwa kwa unyofu, hizo zitafunguka, tena haraka. Benki, mitandao ya kijamii na video hazitafunguka. Barua pepe unaweza kuzisoma kwa Claws Mail bila kupitia kivinjari, nami ndivyo ninavyofanya. Muziki wa MP3 unapiga vizuri. DVD za filamu inazicheza. LibreOffice inafunguka, ila kwenye yangu ilichukua karibu dakika mbili nikaachana nayo. Naandikia Geany, na ikihitajika hati yenye mapambo natumia AbiWord.

Kwa hiyo ninakuuliza: hiyo mashine unataka ikufanyie kazi gani? Kama jibu ni "kila kitu", utaichukia kabla ya mwezi kwisha. Kama jibu ni kukaa na kuendeleza habari za ukoo pale alipoishia babu, kwa kibodi ileile aliyoitumia, itakutumikia miaka mingi. Windows 98 usiipeleke mtandaoni hata kidogo; Microsoft waliacha kuitolea marekebisho ya usalama Julai 2006.

Bi Fundi, habari za kazi. Laptopu yangu ya zamani nimeiwekea Linux kwa mafanikio, lakini kila tovuti inaniambia muunganisho si salama. Intaneti iko sawa, simu inafungua tovuti hizohizo. Nimesakinisha upya mara mbili. – Niliyekata Tamaa

Nzuri, karibu. Tazama saa ya laptopu yako. Nadhani inasema ni mwaka 2003 au karibu na hapo.

Kila tovuti yenye kufuli hutoa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Betri ya biosi ikifa, mashine ikizimwa inasahau leo ni lini, na kwa saa yake cheti cha tovuti bado hakijazaliwa. Rekebisha tarehe kwa mkono, tovuti zitafunguka palepale. Kisha badilisha betri.

Nawaambia na wengine wenye mifumo ya zamani ambayo saa yake ni sahihi na bado wanapata shida hii: tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi sana kiliisha muda, na mifumo isiyosasishwa haina kile kilichokirithi. Hapo dawa ni mfumo mpya.

Shikamoo mama. Nina laptopu ya mwaka 2004 yenye Pentium M. Inakataa Linux ikisema prosesa haina PAE. Fundi mmoja kaniambia ni ya kutupa. – Mwalimu wa Jioni

Marahaba mwalimu. Usitupe. PAE ni njia ya prosesa ya biti 32 kuhesabu kumbukumbu zaidi ya GB 4, na kerneli nyingi ziliifanya sharti. Pentium M za mwanzo zinayo, ila haziitangazi. Kerneli inauliza, prosesa inanyamaza, kerneli inadhani haipo. Wakati wa kuwasha, kwenye mstari wa vigezo vya kerneli, ongeza neno moja: forcepae. Utaona onyo, endelea. Ukiona tabu, Debian 12 ina kerneli iitwayo 686 isiyo na sharti hilo kabisa.

Na kwako kuna habari njema ambayo Mjukuu hakuipata: Pentium M ina SSE2. Firefox itafunguka. Itajikokota, nawe fungua ukurasa mmoja mmoja, lakini itafunguka. Elewa tu kwamba muda si mrefu: Mozilla wameacha kutoa Firefox mpya za biti 32 kwa Linux kuanzia toleo la 145, na lile la muda mrefu, 140, ndilo lililobaki kuwahudumia watu kama wewe kwa muda.

Bi Fundi, nakuheshimu lakini unapoteza muda wa watu. Takataka ni takataka. Kompyuta hizo zinakula umeme na hazifanyi kitu. – Msema Kweli

Ndugu yangu, nusu ya maneno yako nayakubali, na nayasema hata kwa wateja wangu.

Pentium 4 za mwisho ni jiko. Zile za aina ya Prescott, za kuanzia mwaka 2004, baadhi yake prosesa peke yake ilifika wati 115. Raspberry Pi 4, kompyuta nzima kwenye kibao kinachoenea kiganjani, inafanya kazi zaidi kwa wati chache. Mtu akiniletea Pentium 4 ya aina hiyo akitaka iwe kompyuta ya kila siku, namwambia aiache. Isipokuwa kama ina kazi ambayo kompyuta mpya haiwezi: kuendesha mashine ya kiwandani kwa kadi ya ISA (aina ya zamani ya kadi za kuchomeka kwenye dabodi), printa ya soketi ya sambamba isiyo na draiva mpya, chombo cha maabara. Hapo naitetea kwa nguvu zangu zote.

Lakini usiziweke zote kwenye kapu moja. Prosesa ya babu wa Mjukuu haifiki wati 30. Laptopu ya mwalimu inakula kidogo kuliko taa za zamani. Na kutengeneza kompyuta mpya nako kunakula umeme, maji na madini mengi kabla hata haijawashwa mara ya kwanza. Hilo huwa halionekani kwenye bili ya mnunuzi.

Ile inayostahili kwenda, iende kwa adabu. Skrini za zamani zenye mgongo zina risasi ndani ya kioo, usizivunje. Nyaya zisichomwe kutafuta shaba, moshi wa plastiki yake ni sumu. Madabodi za mwanzo wa miaka ya 1990 mara nyingi zina betri ndogo kama pipa iliyochomelewa juu yake. Ikivuja inakula mistari ya shaba, ikate mapema. Na diski usimpe mtu kabla hujaifuta kikwelikweli.

Bi Fundi, nina Core 2 Duo ya mwaka 2007, RAM GB 2. Windows 10 imeisha, Windows 11 imekataa. Jirani anasema kuna ujanja wa kuilazimisha. – Mama Wawili

Mama Wawili, ujanja upo, ila kwako haufai. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM GB 4 na prosesa ya kizazi kipya. Masharti ya mwanzo watu walikuwa wakiyaruka. Tangu toleo la 24H2, mfumo wenyewe unahitaji amri ya prosesa iitwayo POPCNT, na Core 2 Duo haina. Ni kama ile habari ya SSE2 hapo juu: huwezi kumbembeleza mtu aseme neno asilolijua. Windows 10 nayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usiendelee nayo hivihivi.

Lakini ukilinganisha na wenzako wa ukurasa huu, mashine yako ni kijana. Ina biti 64. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, ukiwa ndani ya Linux ya majaribio (inayowashwa bila kusakinishwa), andika lscpu, utaona mwenyewe kwamba inakubali 32-bit na 64-bit. Debian 13 itaingia bila shida. Fanya mambo mawili tu: ongeza RAM ifike GB 4, na toa diski uweke SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hata kama soketi ya diski, SATA, ni ya kizazi cha zamani, tofauti utaiona siku ya kwanza, kwa sababu kinachochelewesha mashine hizo ni diski inayotafuta-tafuta, si prosesa. Kuna jambo moja la kuchunguza: laptopu nyingi za mwaka huo zina chipu za Intel 945, na hizo ukiweka GB 4 zitakuonyesha tatu na kidogo. Usirudishe RAM ukidhani ni mbovu.

Chagua mazingira ya Xfce au LXQt. Firefox ya kawaida, ya leo, itafanya kazi. Watoto watasomea humo.

Shikamoo Bi Fundi. Nina miaka 13. Nimepewa kompyuta ya 486 yenye RAM MB 16. Nataka mfumo mpya kabisa. Usiniambie haiwezekani. – Fundi Mdogo

Marahaba mwanangu. Sitakuambia hivyo.

Linux ilizaliwa mwaka 1991 kwenye kompyuta ya 386, ya mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds. Mwaka 2013, kwa kerneli 3.8, hiyo 386 yenyewe iliondolewa. 486 ikabaki kuwa kizingiti cha chini kwa miaka mingi, na wewe umesimama juu yake.

Shida yako ni RAM. Hata Tiny Core, ambayo ni ndogo kuliko karibu zote, inataka MB 46. Kwa hiyo kwanza tafuta vipande vya RAM. 486 nyingi zinapokea MB 32, na baadhi 64. Pia soma maandishi juu ya prosesa. Ikiwa ni DX, vizuri. Ikiwa ni SX, haina kitengo cha kukokotoa hesabu za desimali, na mifumo ya leo inakitegemea.

Kisha soma kuhusu NetBSD, mfumo endeshi mwingine wa bure usio Linux. Kerneli yake ya kawaida itakuwa nzito kwako, lakini inakuruhusu kujenga ya kwako kwenye kompyuta nyingine yoyote, hata ya Linux, kwa hati ya amri iitwayo build.sh. Unaondoa draiva zote usizozihitaji: USB huna, sauti huna, mtandao usio na waya huna. Inabaki kerneli nyembamba inayoijua mashine yako tu. Itakuchukua wiki kadhaa na itagoma mara nyingi. Kila ikigoma andika kwenye daftari maneno ya mwisho yaliyoonekana kwenye skrini kabla haijanyamaza, maana hayo ndiyo yatakayokuonyesha kilichokosekana.

Nitumie nakala ya hayo maneno ukikwama. Na siku itakapokuuliza jina la kuingilia, niandikie ilichukua dakika ngapi.